Mtungaji Aliyeficha Ukweli Ndani ya Hadithi: Maisha ya Ismail Kadare wa Albania

Jina la Mama Teresa wa Calcutta lajulikana katika nyumba nyingi za Wakristo. Lakini si wengi wajuao kwamba mama huyo hakuwa Mhindi kwa kuzaliwa. Alikuwa Mwalbania, aliyezaliwa katika mji wa Skopje mwaka 1910. Taifa lake ni dogo, nalo limetoa mtu mwingine aliyejulikana duniani kote, huyu kwa kazi ya kalamu. Ndiye Ismail Kadare, mtungaji wa mashairi na wa hadithi ndefu. Alifariki tarehe 1 Julai 2024 akiwa na umri wa miaka 88, na vitabu vyake vimekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 45.

Kadare hakuwa Mkristo. Alizaliwa katika jamaa ya Kiislamu, na mwenyewe hakuwa mtu wa kushika dini. Hata hivyo kisa chake chatuhusu sana, maana katika vitabu vyake tutakutana na mapadre, watawa na maaskofu, tena aliviandika katika nchi ambamo kusali kulikuwa kosa la jinai. Wazee wetu husema: Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Huyu ni mtu aliyelifumba fumbo lake mbele ya watawala wakali kwa muda wa miaka thelathini. Na tuone alivyofanya, na gharama aliyolipa.

NCHI NDOGO YENYE LUGHA YAKE

Albania iko kusini mwa Ulaya, ng'ambo ya bahari ya Adriatiki ukitoka Italia. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 28,700, yaani yapita kidogo tu nchi ya Burundi, na sehemu kubwa ni milima. Waturuki waliitawala kwa karibu miaka mia tano, mpaka mwaka 1912. Kwa sababu hiyo Waalbania wengi ni Waislamu. Kusini wako Waorthodoksi wengi, na kaskazini, upande wa mji wa Shkodër, wako Wakatoliki. Lakini wote wana lugha moja, nayo haifanani na lugha ya jirani ye yote.

Sentensi ya kale kabisa ya Kialbania inayojulikana iliandikwa mwaka 1462, nayo ni maneno ya ubatizo. Askofu Mkuu Pal Engjëlli wa Durrës aliyaandika kwa lugha ya watu, ili baba au mama aliye mbali milimani aweze kumbatiza mtoto wake mwenyewe kama padre hapatikani. Mwaka 1555 padre mmoja, jina lake Gjon Buzuku, alitoa kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kwa Kialbania, nacho kilikuwa Misale. Ukumbuke ubatizo huo, ndugu msomaji, maana tutakutana nao tena mbele.

MTOTO WA MJI WA MAWE

Ismail Kadare alizaliwa tarehe 28 Januari 1936 katika mji wa Gjirokastër, kusini mwa nchi. Mji huo umejengwa ubavuni mwa mlima. Nyumba zake ni za mawe toka msingi hata mapaa, na juu yake imesimama ngome kubwa. Mtelemko wake ni mkali hata Kadare ameandika kwamba mtu akiteleza njiani aweza kuangukia juu ya paa la nyumba. Katika mji huo huo alizaliwa, mwaka 1908, mtu aliyekuja kuitawala Albania kwa ukali usio na kifani, jina lake Enver Hoxha.

Mtoto Ismail alipokuwa na miaka mitatu, Aprili 1939, askari wa Italia waliivamia nchi. Kisha Wagiriki wakauteka mji, Waitalia wakarudi, mwaka 1943 wakaja Wajerumani, na mwishoni mwa 1944 Wakomunisti wa Albania wakashika serikali wakiongozwa na Hoxha. Hivyo kabla hajatimiza miaka tisa alikwisha kuona bendera za mataifa manne zikipandishwa na kushushwa juu ya ngome ile ile. Mambo hayo aliyaandika alipokuwa mtu mzima, katika kitabu kiitwacho Kumbukumbu Katika Jiwe, kilichotoka mwaka 1971. Humo mtoto asikiliza maji ya mvua yakitiririka toka paani kuingia katika kisima cha chini ya nyumba, akiyahurumia kama wafungwa. Ndege za vita zapita juu, mabomu yaanguka, na bibi wazee wa mtaani waendelea kunywa kahawa yao na kutoa hukumu juu ya kila mtu. Hapa msomaji wa kijijini ataona kama asoma habari za kwao.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alipata kusoma mchezo wa Shakespeare uitwao Macbeth, habari za mtu aliyemwua mfalme aliyelala nyumbani mwake kama mgeni, apate kutawala yeye. Kitabu kilimpendeza mno. Kwa kuwa hakujua kwamba kitabu kama hicho chaweza kununuliwa dukani, alikaa akanakili sehemu kubwa kwa mkono. Habari ya mwenye kiti cha enzi na damu iliyo mikononi mwake haikumtoka tena moyoni.

Mwaka 1954, akiwa na miaka 18, alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Alisoma lugha na historia katika Chuo Kikuu cha Tirana, na mwaka 1956 alipata cheti cha ualimu. Mwaka 1958 serikali ilimpeleka Moscow, katika Chuo cha Gorky, chuo cha kufundisha utungaji. Huko vijana walifundishwa kuandika kwa kanuni ya Chama: mfanya kazi awe shujaa, mavuno yawe mengi, jua liwake, na mwisho watu wote wafurahi. Mwaka huo huo mtungaji Mrusi Boris Pasternak alichaguliwa kupewa tuzo ya Nobel. Serikali yake ilimtukana magazetini na mikutanoni mpaka akalazimika kuikataa. Kadare aliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1960, Albania ilipoanza kugombana na Urusi, alirudi kwao akijua namna asivyotaka kuandika. Katika vitabu vyake jua ni haba. Kuna mvua, ukungu, matope na theluji, na wakubwa wa Chama hawakupendezwa na hali hiyo ya hewa.

JENERALI NA MIFUPA

Mwaka 1963, akiwa na miaka 27, alitoa hadithi ndefu iliyompatia sifa: Jenerali wa Jeshi la Wafu. Kisa chake ni hiki. Miaka kama ishirini baada ya vita, jenerali mmoja wa Italia atumwa Albania kuikusanya mifupa ya askari wa kwao waliouawa huko, ili irudishwe kwa mama zao na wajane wao. Afuatana na padre Mwitalia mwenye cheo cha jeshi. Mkononi wana orodha za majina, vimo na meno ya marehemu. Wazunguka milima na mabonde katika mvua, wakichimba kaburi baada ya kaburi. Mwanzoni jenerali aona fahari kwa kazi yake tukufu. Lakini kadiri mifuko inavyojaa, fahari yapungua, naye aanza kujiona mwenyewe kuwa kamanda wa jeshi lililokufa. Mzee mmoja katika wachimbaji afa kwa ugonjwa alioupata kaburini, kana kwamba vita ile ingali ikiua.

Wamtafuta hasa kanali mmoja, ambaye jamaa yake ni watu wakubwa na wamesisitiza sana apatikane. Hawamwoni. Ndipo usiku mmoja jenerali aingia katika arusi ya kijijini bila kualikwa. Wanakijiji wampokea kwa desturi yao ya kumheshimu mgeni. Katikati ya ngoma, mama mzee asimama. Kanali yule ndiye aliyemwua mumewe na kumharibu binti yake. Naye mama ndiye aliyemwua kanali. Atoka nje gizani, achimba, arudi na gunia lililojaa matope, alitupa miguuni pa jenerali. Ni mifupa ya kanali.

Ye yote aliyepata kuandika katika kitabu cha marehemu cha parokia atakielewa kitabu hiki upesi. Jina moja katika mstari mmoja, na nyuma yake nyumba nzima yenye kulia. Kadare hakumtukana adui wala hakumpamba Mwalbania. Alionyesha kwamba vita huacha deni ambalo hata mifupa ikirudishwa halilipiki.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kifaransa na Jusuf Vrioni, mtu wa ukoo wa kitajiri aliyekuwa amekaa gerezani miaka mingi chini ya Wakomunisti. Tafsiri ilipotoka Paris mwaka 1970, jina la Vrioni halikuonekana ndani yake. Hivyo mfungwa wa zamani, asiyetajwa, ndiye aliyemfungulia Kadare mlango wa dunia. Mwaka 1983 hadithi hiyo ilitengenezwa sinema, na mchezaji mashuhuri wa Italia, Marcello Mastroianni, akawa jenerali.

NCHI ILIYOMFUKUZA MUNGU

Sasa yatupasa kueleza hali ya nchi yenyewe. Hoxha alitawala toka 1944 hata alipokufa tarehe 11 Aprili 1985. Aligombana na Yugoslavia, kisha na Urusi, kisha na Uchina, mpaka Albania ikabaki peke yake kama nyumba iliyofungwa madirisha. Alijenga makumi ya maelfu ya vibanda vya saruji vya kujikinga na adui, mashambani na pwani, hata makaburini.

Mwaka 1967 aliamuru makanisa na misikiti yote ifungwe. Majumba ya ibada zaidi ya 2,000 yalifungwa; mengine yakabomolewa, mengine yakawa maghala. Kanisa kuu la Shkodër likageuzwa jumba la michezo. Albania ikajitangaza kuwa dola ya kwanza duniani isiyo na Mungu, na mwaka 1976 jambo hilo likaandikwa katika katiba. Mama Teresa hakuruhusiwa kwenda kumwona mama yake mzazi, ambaye alikufa Tirana mwaka 1972 bila kumwona binti yake tena.

Hapa ndipo tunakutana na ule ubatizo. Padre Shtjefën Kurti alimbatiza mtoto kwa siri. Alishtakiwa kwa tendo hilo, akapigwa risasi mwaka 1971. Maneno yale yale ambayo kwayo Kialbania kilianza kuandikwa yakawa sababu ya mtu kuuawa. Padre huyo ni mmoja wa mashahidi 38 wa Albania waliotangazwa wenye heri mjini Shkodër tarehe 5 Novemba 2016.

Katika mashahidi hao yuko pia Padre Bernardin Palaj, Mfransisko, aliyekuwa akipanda milima ya kaskazini kukusanya tenzi za mashujaa toka vinywani mwa wazee waimbao kwa zeze. Alifia kifungoni mwaka 1946. Vitabu vya Mfransisko mwingine, Gjergj Fishta, mshairi aliyependwa kupita wote siku zake, vilipigwa marufuku. Hata watungaji wasio mapadre hawakupona. Washairi Vilson Blloshmi na Genc Leka walipigwa risasi mwaka 1977 kwa ajili ya mashairi yao, na Havzi Nela alinyongwa mwaka 1988.

Katika nchi ya namna hiyo Kadare alikuwa akiandika kila siku. Aliishije?

NJIA YA HADITHI ZA KALE

Alifanya kama wafanyavyo wazee wetu barazani. Mtoto wa jumbe akikosa, mzee hamtaji kwa jina. Asimulia habari ya fisi na sungura, na kila mtu ajua fisi ni nani. Kadare alizichukua hadithi za kale, zile alizozitunza babu na zile walizozikusanya mapadre, akaweka ndani yake mambo ya siku zake.

Mara moja alithubutu kusema karibu na wazi, naye akaungua. Mwaka 1975 alitunga shairi la kuwakejeli wakubwa wa serikali, akiwaita mapasha wekundu, kwa kuwafananisha na maliwali wa Kituruki wa zamani. Shairi lilikatazwa kabla ya kupigwa chapa. Mtungaji alilazimishwa kujilaumu mwenyewe kwa maandishi, akapelekwa shamba kufanya kazi za mikono, na kwa muda akakatazwa kutoa hadithi ndefu. Baada ya hapo alirudi kwenye mafumbo kwa ustadi zaidi.

Mwaka 1978 ilitoka Daraja la Matao Matatu. Msimulizi wake ni mtawa Mkatoliki, Gjon, naye asimulia mambo ya mwaka 1377, Waturuki walipokuwa wakikaribia. Daraja la mawe lajengwa juu ya mto. Wenye mashua za kuvusha watu wachukia, na usiku daraja lavunjwa-vunjwa. Ndipo waimbaji wapita vijijini wakieneza hadithi ya kale, kwamba jengo halisimami mpaka mtu mzima azikwe ndani ya ukuta wake. Baada ya siku chache fundi mmoja aonekana ndani ya nguzo ya daraja, amekufa, uso wake umepakwa chokaa. Watu wasema alijitoa sadaka. Mtawa Gjon peke yake atambua kwamba mtu yule aliuawa, na kwamba hadithi ilitangulizwa ili kuifunika damu. Ndiyo sababu aketi kuandika. Waalbania waliokisoma kitabu hiki waliona kila siku majengo makubwa yakisifiwa kwa nyimbo, nao walijua ni wangapi walikuwa wamezikwa chini ya sifa hizo.

Mwaka 1980 ilitoka Aprili Iliyovunjika, labda nzuri kupita zote kwa msomaji wa kijijini. Yahusu sheria ya kale ya watu wa milimani, iitwayo Kanuni ya Lekë Dukagjini. Sheria hiyo haikuandikwa kwa karne nyingi, mpaka Mfransisko Shtjefën Gjeçovi alipoikusanya toka kwa wazee. Kitabu chake kilitoka Shkodër mwaka 1933, miaka minne baada ya yeye mwenyewe kuuawa. Ndani yake mna mambo mazuri sana. Nyumba ya Mwalbania ni ya Mungu na ya mgeni. Neno la ahadi, ambalo wao huliita besa, halivunjwi hata kwa kifo. Lakini humo mna pia sheria ya kisasi: damu hulipwa kwa damu.

Kadare asimulia habari za kijana Gjorg wa ukoo wa Berisha. Miaka sabini nyuma, mgeni asiyejulikana aligonga mlango wao usiku, akapewa chakula na malazi. Asubuhi alipokuwa akitoka kijijini adui yake alimpiga risasi. Kwa kuwa alianguka uso ukielekea kijiji kile, sheria ikasema jamaa iliyomkaribisha lazima ilipe kisasi chake. Tangu hapo koo mbili zauana zamu kwa zamu kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake hawakulijua. Shati lenye damu la ndugu yake Gjorg limetundikwa nyumbani ili asisahau. Mwezi Machi Gjorg aua, shingo upande. Apewa besa ya siku thelathini. Siku hizo zikiisha, katikati ya Aprili, ndugu za marehemu wana haki ya kumwua. Msomaji atembea naye siku hizo zote, akimtazama kijana huyo akiangalia theluji ikiyeyuka milimani na kuhesabu siku.

Kadare haichekeshi sheria ile, wala haisifu. Atuonyesha tu jinsi desturi iliyoanza kwa kumheshimu mgeni ilivyogeuka kuwa mashine ya kula vijana. Nasi tujiulize: ni ugomvi mingapi wa mipaka ya shamba au wa mahari, ambao wanaougombania leo hawakuwapo ulipoanza?

Mwaka huo huo alitoa kitabu kingine juu ya besa, Nani Aliyemleta Doruntina? Mama mmoja mwenye wana tisa wa kiume amwoza binti yake wa pekee nchi ya mbali, kwa sababu mwanawe Kostandin amemwahidi kumrudisha dada yake kila atakapohitajiwa. Wana wote tisa wafa. Mama alia kaburini akimlaumu Kostandin kwa ahadi yake. Ndipo usiku mmoja binti afika mlangoni, asema kaka yake ndiye aliyemleta juu ya farasi. Hadithi hii ya kale Kadare aliigeuza kuwa upelelezi. Afisa atumwa kutafuta ukweli, na Askofu Mkuu ahangaika, maana watu wakiamini kwamba mtu wa kawaida amefufuka, fumbo la Pasaka litachezewa. Jibu la afisa, baada ya shida nyingi, ni kwamba aliyemleta Doruntina ni neno lenyewe la ahadi. Katika nchi ambamo kila mtu alimwogopa jirani yake asije akamchongea kwa polisi wa siri, kusema kwamba ahadi ya mtu ina nguvu kuliko kifo halikuwa jambo dogo.

Fumbo lake kali kuliko yote lilitoka mwaka 1981: Jumba la Ndoto. Katika dola ya Kituruki iko ofisi kubwa ambapo ndoto za raia wote huletwa, husomwa, huchambuliwa na kufasiriwa, ili serikali ijue hatari kabla haijatokea. Kijana Mark-Alem aajiriwa humo kama karani. Apanda cheo, naye kadiri apandavyo ndivyo ajionavyo mfungwa. Mwisho ndoto moja yaiangamiza jamaa yake mwenyewe. Serikali inayotaka kumiliki hata usingizi wa watu! Wakubwa walijitambua. Mwaka 1982 Chama cha Watungaji kilikutana, Kadare akashutumiwa mbele ya wenzake, na kitabu kikapigwa marufuku. Wengi wasema kilichomwokoa ni sifa zake za ng'ambo. Kumwua kungeleta kelele dunia nzima.

MISWADA ILIYOVUKA MPAKA

Kuna maandishi ambayo hata kwa mafumbo hayakuweza kutolewa. Mwaka 1986 Kadare alianza kuyapeleka Ufaransa kwa siri. Kurasa alizozichukua mwenyewe alizibadilisha zionekane kuwa tafsiri ya kitabu cha mtungaji Mjerumani, Siegfried Lenz. Baadaye mchapishaji wake, Claude Durand, alifika Tirana mwenyewe akazichukua zilizobaki. Ziliwekwa katika benki ya Paris. Mapatano yalikuwa kwamba mtungaji akifa, kwa ugonjwa au kwa ajali ya ghafula, zitolewe mara moja, ili serikali isiweze kumpamba baada ya kifo kana kwamba alikuwa mtu wao.

Oktoba 1990, yeye na jamaa yake wakiwa Paris, aliomba hifadhi ya serikali ya Ufaransa. Serikali ya Tirana ilimwita msaliti. Lakini upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Tarehe 4 Novemba 1990 Padre Simon Jubani, aliyekuwa amefungwa miaka mingi, alisoma Misa hadharani katika makaburi ya Shkodër, na watu wakafurika. Desemba wanafunzi wa Tirana waliandamana, na vyama vingi vikaruhusiwa. Februari 1991 sanamu kubwa ya Hoxha iliangushwa kwa kamba katikati ya mji. Mwaka 1993 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifika, akawaweka wakfu maaskofu wanne katika kanisa kuu la Shkodër, lile lililokuwa jumba la michezo.

LAWAMA NA SIFA

Si haki kumsifu mtu na kuficha upande wa pili. Wako Waalbania waliomlaumu Kadare mpaka mwisho. Wamesema: Wengine walipigwa risasi kwa beti chache, naye alikuwa mbunge toka 1970 hata 1982, alisafiri ng'ambo, na katika kitabu chake juu ya ugomvi na Urusi alimwandika Hoxha kwa uzuri. Hayo ni kweli. Yeye mwenyewe hakudai kwamba alikuwa shujaa aliyeipinga serikali waziwazi; alisema kwamba katika nchi ile upinzani wa namna hiyo ulimaanisha kifo tu, na kwamba kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya kweli mahali pa uwongo.

Je, tumhukumuje? Padre Kurti alisema maneno ya ubatizo akafa. Kadare aliinama ili vitabu viishi. Wa kwanza ndiye shahidi, na hakuna wa kumlinganisha naye. Lakini mamilioni ya watu waliokuwa wamefungiwa katika nyumba ile isiyo na madirisha walipata, kwa vitabu vya huyu wa pili, mahali pa kuona kwamba uwongo ni uwongo. Mwenye kuhukumu ajiulize kwanza yeye angefanya nini, akiwa na mke na binti wawili nyumbani, kama walivyokuwa wa Kadare.

Dunia ilimpa heshima nyingi. Mwaka 2005 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya Kimataifa ya Booker huko Uingereza. Mwaka 2009 alipata tuzo ya Asturias ya Hispania, na mwaka 2015 tuzo ya Yerusalemu. Kwa miaka mingi alitajwa kuwa huenda akapewa ile ya Nobel, lakini hakuipata. Katika uzee wake aliandika kitabu chembamba juu ya mama yake, mwanamke mnyonge aliyeishi katika nyumba kubwa ya mawe pamoja na mkwewe mkali. Baada ya majenerali, wafalme na mapasha, mzee alirudi kwa mama. Alipofariki Tirana, serikali ilimzika kwa heshima zote za taifa.

NENO KWA WAZAZI

Kadare hakuokota hadithi zake katika vitabu vya wageni peke yake. Alizisikia kwa bibi wa Gjirokastër wakinywa kahawa, na nyingine zilikuwapo kwa sababu Wafransisko walipanda milima na karatasi na kalamu kabla wazee hawajafa. Kama wasingeandika, besa ya Kostandin ingekuwa imezikwa pamoja na walioiimba.

Basi, akina baba na akina mama, mwombeni kijana wenu aliyesoma akae jioni moja karibu na babu au bibi, aandike hadithi moja tu, kama inavyosemwa, na jina la aliyeisimulia, na tarehe. Jioni nyingine aandike ya pili. Wahenga walisema kweli: Mali bila daftari hupotea bila habari.